Tulipofunga Televisheni

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Atieno,

Nimejifungia jikoni nikijifanya napanga vyombo. Baba yako yuko sebuleni anakaza kamba za sanduku lako, kamba alizozikaza jana, akazikaza tena leo asubuhi kabla ya kanisa. Wewe umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Kesho utapanda basi la Usenge ukaanze kazi ya ualimu, na nina neno ambalo halisemeki mbele ya baba yako.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu barua zangu za Kijaluo baba yako huzisahihisha, na nikiandika Kiingereza hunisahihisha mimi mwenyewe.

Mambo ya kuchemsha maji ya ziwa, kufunga mlango, kutokula samaki aliyelala, hayo sitayagusa. Baba yako atakuambia yote kesho dirishani mwa basi, na basi likiondoka atalikimbilia amalizie. Mimi nataka tuzungumze habari ya televisheni. Usicheke.

Jana wakati wa chakula uliniuliza, "Mama, kule Usenge hakuna stima. Jioni watu hufanya nini?" Nikakujibu kwamba hula, huzungumza, hulala. Ukaniangalia kama niliyekuambia hufa. Ndipo baba yako akapangusa mikono, akajiweka sawa kitini, akasema, "Ni heri yako. Televisheni imeua hadithi, imeua heshima, imeua hata lugha. Mimi niliwahi kuiacha kabisa, kwa hiari yangu, na sikuikumbuka hata siku moja."

Nikapaliwa. Ulinipiga mgongo ukidhani ni mwiba wa samaki, yule ngege. Haukuwa mwiba. Ni lile neno "kabisa."

Wewe ulikuwa shule ya bweni wakati huo, kwa hiyo hukuyaona. Ngoja nikueleze jinsi ilivyokuwa.

Mkubwa wa baba yako pale bandarini alikuwa anarudi kwao ng'ambo, na televisheni yake haikuingia kwenye mizigo. Akampa baba yako. Ilikuwa kubwa kama kabati, ina miguu minne na milango miwili midogo inayofungwa kwa ufunguo. Baba yako akakodi mkokoteni Kondele. Kwa kuwa aliogopa jua litaiharibu, akailaza chali na kuifunika blanketi letu la kijivu, kisha akatembea nyuma yake polepole, amevua kofia kwa sababu ya joto. Watu wa mtaani walipoona sanduku refu limefunikwa, na mwenye nyumba anafuata kichwa wazi, wakatoka milangoni. Mama mmoja mzee akaanza kulia kwa sauti, na mwingine akampokea. Mimi nilikuwa natwanga karanga. Nilitupa mchi nikakimbia nje nikipiga mayowe, bila kujua namlilia nani. Ndivyo televisheni ilivyopokewa kwangu, kwa kilio cha heshima kabisa.

Siku iliyofuata baba yako akapanda juu ya paa na mlingoti wa antena. Mimi nikasimama dirishani kumwambia ninachokiona.

"Na sasa?" anauliza.

"Chenga tupu!"

"Na sasa?"

"Kuna mtu! Lakini hana kichwa!"

"Na sasa?"

"Kichwa kimekuja, Baba Atieno, usipumue!"

Akakaa juu ya paa bila kusogea mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Watu wakaanza kuja. Bwana Asava, yule Mmaragoli dereva wa garimoshi aliyekaa nyumba ya pili, alikuja na kiti chake mwenyewe. Akaja hata Mama Zainabu, yule jirani Mnubi. Unakumbuka mimi naye tulikuwa hatusalimiani tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Alikuja akakaa pembeni, kana kwamba amepotea njia akaingia kwangu.

Mimi nilijiapia kwamba nitatazama habari na nyimbo za kanisa tu. Nilikuwa katibu wa akina mama kanisani, nikifundisha maharusi subira na upole. Halafu Jumamosi moja wakaonyesha mieleka. Kulikuwa na mtu mnene ambaye mtaa mzima ulimwita Gunia, na mwingine mwembamba aliyevaa kinyago usoni, mjanja kama mwizi wa kuku. Mwanangu, mimi mama yako nilipanda juu ya kigoda. Nilipiga kelele, "Mvunje! Mvunje mkono huo!" Gunia alipoanguka, Mama Zainabu alinishika mkono kwa hofu, nami nikaushika wake, tukasahau kuachana mpaka mwisho. Kesho yake nguo zangu na zake zilikuwa kwenye kamba moja. Baba yako anaposema televisheni imeua, hili huwa halikumbuki.

Lakini na mimi kuna jambo sipendi kulikumbuka. Kidogo kidogo nyumba yetu ikawa na salamu mpya. Mtu akipiga hodi, tulimjibu, "Kaa chini, unaziba." Hakuna aliyeuliza habari ya mtu. Barua zako kutoka bweni nilizisoma wakati wa matangazo ya sabuni, na kama matangazo yalikuwa mafupi, niliziacha katikati. Ulipoandika kwamba umechaguliwa kiranja, nilijua baada ya juma zima, kwa sababu habari hiyo ilikuwa ukurasa wa pili.

Sasa sikiliza habari ya Dani, nyanya yako mzaa baba.

Ilikuwa Jumamosi. Alitoka Asembo bila kutuarifu, akashuka kwenye stendi ya mabasi na kikapu, gunia la viazi vitamu, na jogoo mkubwa amefungwa miguu. Bahati nzuri, au mbaya, Okoth mpwa wa baba yako alikuwa hapo anatengeneza baiskeli. Dani akamwambia, "Kimbia umwambie mwanangu aje na mkokoteni. Ninamngoja hapa."

Okoth akapanda baiskeli akaja mbio. Alipofika, Gunia na yule wa kinyago walikuwa ndio wanaingia ulingoni.

"Hodi! Mjomba, nimetumwa..."

"Kaa, Okoth," baba yako akasema bila kugeuka. "Inaisha sasa hivi."

Okoth akakaa. Baadaye tulipomuuliza ilikuwaje akasahau, mtu mzima mwenye mke na watoto, alijibu kwa uchungu mkubwa, "Mjomba, yule wa kinyago alikuwa ameshikwa shingo. Wewe ungefanya nini?"

Dani akangoja. Mabasi yakaondoka, wachuuzi wakafunga vibanda. Mwishowe akampa mpita njia mmoja gunia ambebee, yeye akachukua kikapu na jogoo, wakaja wakiuliza, wakaelekezwa nyumba yenye mlingoti. Akapiga hodi. Akapiga tena. Nyumba imejaa watu, taa inawaka, na hakuna anayeitika. Akaingia.

Mimi nilihisi tu kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu, kivuli chake kinaonekana kwenye kioo cha televisheni. Nikasema, na ninaandika haya kwa aibu hata leo, "Wewe mama, keti bwana, unaziba watu."

Mama mkwe wangu akaketi. Akaketi juu ya gunia lake la viazi, nyuma kabisa, karibu na mlango.

Sijui tungeendelea mpaka lini. Ila kamba ya jogoo ililegea. Akaruka juu ya vichwa vya watu, akatua juu ya televisheni, akajikung'uta, akawika. Watu wakapiga kelele atolewe. Bwana Asava akasimama, akauliza kwa hasira, "Jogoo wa nani huyu?"

Sauti ikatoka nyuma, ya taratibu kabisa. "Ni wa mwenye nyumba. Nimemletea."

Nilimwona baba yako akisikia ile sauti. Hakugeuka. Alisimama wima, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Akanyoosha mkono azime televisheni, akakosea kitufe, akaongeza sauti. Chumba kizima kikanguruma vifijo vya watu wa Ulaya, Gunia anapigwa, jogoo anawika, na Dani ameketi juu ya viazi vyake, mikono mapajani.

Ilipozimika, Okoth akashika kichwa, akasema, "Yawa! Mjomba, Dani yuko stendi!"

Watu walitoka mmoja mmoja wakipita wamejikunja. Baba yako akapiga magoti. Mimi sikujua niweke wapi uso. Dani hakugomba. Alisema, "Nilikuja kuwasalimu. Naona mmetoka. Nitangoja mrudi."

Alikaa siku mbili. Alikula nilichompikia, akashukuru, akasema amechoka. Kisha akarudi Asembo, na jogoo akatuachia. Baba yako alipotoka kumsindikiza alikuja moja kwa moja sebuleni. Aliifunga ile milango midogo kwa ufunguo, akatandika kitambaa changu cha maua juu yake, akaenda zake ziwani. Aliporudi akatangaza, "Nimeutupa ufunguo majini. Kuanzia leo, Mama Atieno, hii ni nyumba ya watu wanaozungumza."

Basi tukakaa tuzungumze.

Baba yako akasema, "Ndiyo hivyo."

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Nadhani mvua itanyesha."

Nikasema, "Huenda."

Tukaenda kulala kabla kuku hawajatulia.

Siku nyingine akaamua kufufua hadithi za wazee. Akaanza ile ya sungura na fisi, kwa sauti ya kutisha na mikono mirefu, lakini alikuwa amesahau katikati yake, kwa hiyo sungura akafa mapema na fisi akabaki hana kazi. Akaanza kunisomea gazeti kwa sauti, pamoja na bei za mahindi. Akaanza kuingia jikoni na kuuliza kwa nini sufuria kubwa inakaa juu ya ndogo. Mimi nami sikuwa bora. Nilizunguka kuwatembelea wagonjwa wa kanisa kwa bidii mpya, mpaka mgonjwa mmoja akaniona dirishani na kujificha chini ya kitanda, na alikuwa na goti bovu.

Mama Zainabu akawa ananisalimu kwa mbali tu. Hatukugombana, ilikuwa tu hana tena sababu ya kuingia, nami sikuwa na akili ya kumpa nyingine. Siku moja nilikutana na Bwana Asava bombani. Akaniambia, "Mama Atieno, pale kwako ndipo nilipojifunza Kijaluo. Siku hizi jioni nakaa na kuongea na mimi mwenyewe, na kusema kweli, mazungumzo yangu hayanifurahishi."

Kisha tajiri mmoja mjini akaweka televisheni kwenye dirisha la duka lake, inawaka mpaka anapofunga. Nilisikia kwa wanawake wa sokoni. Jumamosi ilipofika nikamwambia baba yako, "Ninaenda kununua uzi."

Akasema, "Vizuri. Hata mimi natoka. Kuna mwenzetu wa bandarini anaumwa."

Nikapitia njia ya nyuma. Nilipofika, watu walikuwa wamejazana mbele ya kile kioo mpaka barabarani. Sauti haikusikika, maana kioo kilikuwa kizito. Lakini mtu mmoja wa mbele kabisa alikuwa akiwaeleza wote kwa sauti kubwa. "Sasa mtazameni! Huyu mnene atajifanya amechoka. Msimwamini! Namjua mimi! Ngoja... ngoja... sasa! Amemnyanyua!" Watu wakashangilia. Mtu mmoja karibu nami akasema, "Mzee huyu anajua kazi. Jumamosi iliyopita pia alitueleza vizuri sana."

Atieno, ile sauti nilikuwa nimeishi nayo tangu nikiwa msichana.

Nikapenya mpaka mbele, nikasimama kando yake. Nikauliza polepole, "Baba Atieno, mgonjwa anaendeleaje?"

Akanyamaza mkono ukiwa bado hewani. "Anapata nafuu," akasema.

Kisha akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Na uzi?"

"Wamefunga."

Tulitazamana. Sijui nani alianza. Tulicheka mpaka nikashikilia nguzo ya duka nisianguke, na yeye akaketi kwenye ngazi, machozi yanamtoka. Watu wakalalamika, "Mzee, endelea bwana, tunapitwa!" Akainuka akaendelea, mieleka ikaisha, tukatembea kurudi nyumbani. Na njiani tukaongea. Tulianza na Gunia. Kutoka kwa Gunia tukafika kwa mjomba wake aliyekuwa mnene hivyo hivyo, kutoka kwa mjomba tukafika siku aliyokuja kwetu Kombewa kuniposa na viatu vya kuazima vilivyombana, na kutoka hapo tukafika kwa Dani, tukapunguza mwendo. Kisha baba yako akasema, "Yule mama alitembea kutoka stendi na jogoo mkononi." Nikasema, "Nami nikamwambia anaziba." Wiki zote zile za kuwa nyumba ya watu wanaozungumza, hilo hatukuwa tumelisema.

Tulipofika mlangoni nikamuuliza habari ya ufunguo uliotupwa ziwani. Akavua kofia. Ulikuwa ndani ya utepe wake.

Lakini televisheni hatukuifungua bado. Jumamosi iliyofuata tulikwenda Asembo, tumebeba sukari na majani ya chai na leso mpya. Tukaketi chini. Baba yako alitoa hotuba ndefu ya toba, akamaliza kwa kusema, "Na televisheni, Mama, tumeifunga."

"Mmeifunga?" Dani akauliza.

"Tumeifunga."

"Kabisa?"

"Kabisa, Mama."

Dani akasonya. Akachezea pindo la leso, akatazama nje, akatutazama tena. "Na yule mwenye kinyago," akasema, "alishinda?"

Baba yako akanitazama, nami nikamtazama.

"Mnadhani sikuwa na macho?" Dani akasema. "Nilikaa juu ya gunia langu nikaona vizuri. Ni jogoo aliyeniharibia." Kisha akanigeukia mimi. Daima aliniita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu Kombewa kwetu ni nchi ya Seme. "Nyar Seme, hukumbuki olengo? Vijana wa ukoo huu wakipigana mieleka na wa ule? Tulijaa uwanjani tangu jua kali. Nilipiga kelele kuliko wewe. Niliwahi kumtupia kiatu kijana wa watu. Sanduku lenu halikunikasirisha. Lakini pale uwanjani mgeni akija, hata awe nani, tulimshika mkono tukampeleka mbele aone. Nyinyi mliniketisha nyuma."

Akatuambia tule.

Tulipofungua televisheni tena, baba yako aliwatangazia watu sheria ya Dani: anayeingia anasalimiwa, anaulizwa habari za kwake, kisha anaketishwa mbele. Sheria hiyo ilitupa taabu kubwa. Bwana Asava aligundua upesi kwamba anayechelewa ndiye anayekaa pazuri, akawa anajificha nje nyuma ya tangi mpaka wote waingie. Mama Zainabu naye akamgundua, wakawa wawili nyuma ya tangi, wakisukumana nani aingie wa mwisho. Lakini salamu zilirudi. Ndipo nikajua kwamba mtoto wa Mama Zainabu alikuwa ameugua muda mrefu, na kwamba mama huyo alikuwa akiangalia mieleka kwangu ili asikae nyumbani akilia.

Ndiyo hadithi yenyewe, mwanangu. Baba yako akisema aliiacha kabisa, mtazame tu kwa upole. Hadanganyi, anakumbuka alivyotaka kuwa. Mimi pia huwa nasimulia kwamba nilikuwa natazama nyimbo za kanisa.

Sitakuambia televisheni ni nzuri wala mbaya. Nimeishi nayo nikawa mjinga, na nimeishi bila hiyo nikawa mjinga kwa njia nyingine. Utaikosa. Usione haya kuikosa, na usije ukajivuna likizoni kwamba sasa umekuwa mtu wa maana kwa sababu unakaa gizani. Ila jioni zile za kwanza usijifungie ndani ukihesabu siku za muhula. Toka uende kule watu wanakokusanya omena, dagaa walioanikwa. Watakuwa wanacheka jambo usilolijua, na hakuna atakayekueleza, kwa sababu lilianza kabla hujazaliwa. Kaa hapo hapo. Saidia kukusanya. Siku moja utacheka kabla yao, na hata hutagundua.

Neno la mwisho, na hili ni siri. Baba yako, huyu asiyeikumbuka televisheni hata siku moja, amekuwa akiulizia kwa fundi mmoja Kondele kama televisheni ndogo inaweza kuwashwa kwa betri ya lori. Anataka kukuletea Usenge. Anasema ni kwa ajili ya elimu ya wanafunzi. Nimemkataza. Nimemwambia, mwache mtoto kwanza awe mgeni kwa watu. Lakini unamjua. Ukiona mzee anashuka kwenye basi amekumbatia betri ya lori na suti yake ina tundu la tindikali, mpokee, mpe maji, usimcheke mbele za watu.

Na wewe, kuna basi la Jumamosi asubuhi linalofika Kisumu kabla ya mieleka. Ukishuka kwenye hilo nitajua ni kwa nini umekuja. Utasema umekuja kuniona mimi, nami nitakuambia nilikuwa naenda kununua uzi. Njoo tu, mwanangu. Mimi sichagui sababu.

Nasikia mlango, umerudi, na baba yako ameanza kukuonyesha jinsi ya kufungua fundo lake. Ngoja nije nimwondoe.

Wako anayekupenda na anayejua unavyokoroma,
Mama